Seli za CD4 zinapopungua bila virusi vya Ukimwi

KATIKA kisiwa cha Mombasa, karatasi ya maabara yenye maandishi ‘CD4’ haihitaji mkalimani. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walianza kuwafuatilia wanawake waliohudhuria kliniki ya Ganjoni ili kuchunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Tangu wakati huo, na hasa baada ya dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo kuenea hospitalini, wakazi wengi wamezoea kwamba hesabu hiyo na maradhi hayo ni chanda na pete.

Ndiyo sababu mgonjwa ambaye CD4 zake zimeshuka, ilhali vipimo vyote vinaonyesha hana virusi vya Ukimwi, hupatwa na msiba juu ya msiba. Mwili wake unashambuliwa na maradhi yale yale yanayowaandama wenye Ukimwi, na anaposema kwamba hana virusi, hakuna anayemsadiki. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, ambako baraza za nyumba zinatazamana na kila mpita njia anajulikana ukoo wake, bahasha ya hospitali haifichiki.

Hali hiyo ipo, ingawa ni adimu mno. Kwa lugha ya kitaalamu huitwa limfositopenia ya CD4 isiyojulikana chanzo. Wanaougua si wengi popote duniani, na daktari anaweza kutibu miaka mingi asimwone hata mmoja. Hata hivyo, anayeipata anastahili kujua ni nini, si nini, na ni tiba gani miongoni mwa zinazosifiwa kuwa ‘zinaongeza kinga’ iliyojaribiwa kweli.

Seli za CD4 ni aina ya chembechembe nyeupe za damu. Kazi yake katika mfumo wa kinga inafanana na ya nahodha katika jahazi: si yeye anayetweka tanga wala kukumba maji, lakini asipokuwepo mabaharia hawajui waelekee wapi. Zinapotambua kijidudu kigeni, seli hizi huziamuru nyingine zitengeneze silaha za kukiua. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli za CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila mikrolita ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita.

Mgonjwa huhesabiwa kuwa na upungufu huu ikiwa CD4 zake ziko chini ya 300, au chini ya asilimia 20 ya seli zote za jamii ya T. Sharti matokeo hayo yaonekane zaidi ya mara moja, vipimo vikiwa vimepishana kwa wiki kadhaa, na pasipatikane sababu nyingine yoyote. Kanuni hizo ziliwekwa mwaka 1992 na Kituo cha Kudhibiti Maradhi cha Marekani (CDC), katika mazingira yaliyojaa hofu.

Mwezi Julai mwaka huo, wanasayansi walipokutana mjini Amsterdam, Uholanzi, katika kongamano la kimataifa kuhusu Ukimwi, zilitolewa taarifa za wagonjwa waliokuwa na dalili zote za maradhi hayo bila kuwa na virusi. Magazeti ya ulimwengu yakavumisha kwamba kirusi kipya kimezuka. CDC ikapekua rekodi zaidi ya 230,000 za wagonjwa wa Ukimwi nchini Marekani, na mwisho wa uchunguzi ikabaki na wagonjwa 47 tu waliotimiza masharti ya hali hiyo mpya.

Jambo lililowatuliza wataalamu lilitokana na uchunguzi wa waume, wake na jamaa wa wagonjwa hao pamoja na watu waliowachangia damu. Hawakuonyesha dalili za kuwa na maradhi hayo, na hapakupatikana kirusi kilichowaunganisha wagonjwa. Kwa maneno mengine, upungufu huu haupitishwi kwa kitanda, kwa sahani wala kwa damu. Katika mji ambako posa huweza kurudishwa kwa uvumi wa maradhi, taarifa hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, na ingefaa daktari aitamke waziwazi mbele ya familia, kwa idhini ya mgonjwa, badala ya kumwachia mzigo wa kujieleza peke yake.

Kabla ya kufikia hukumu hiyo, hata hivyo, kuna kazi ya kuondoa sababu nyingine, na kwa Pwani ya Kenya sababu hizo ni nyingi. Ya kwanza ni kifua kikuu. Maradhi haya yenyewe, bila virusi vya Ukimwi, huweza kushusha CD4, nazo zikapanda tena mgonjwa anapotumia dawa za kifua kikuu ipasavyo. Maambukizi mengine makali nayo huzishusha kwa muda. Hata saa ya kutolewa damu ina athari, kwa kuwa hesabu ya asubuhi kwa kawaida huwa chini kuliko ya jioni.

Sababu nyingine hupatikana katika duka la dawa. Tembe za jamii ya steroidi, mathalani prednisoloni na deksamethasoni, hupunguza chembechembe hizi, nazo hununuliwa na baadhi ya watu bila cheti cha daktari kwa ajili ya pumu, maumivu ya viungo au ili wanenepe. Mgonjwa akificha kwamba anazitumia, ataupoteza muda wake na wa daktari. Zaidi ya hayo, ni lazima saratani za damu na za tezi zichunguzwe, pamoja na maradhi kama lupasi ambayo hufanya kinga ya mwili imgeukie mwenyewe. Kuhusu virusi vya Ukimwi, kipimo cha haraka cha kidole hakitoshi. Huhitajika pia kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe katika damu, na cha aina ya pili ya virusi hivyo.

Ni baada ya milango hiyo yote kufungwa ndipo neno ‘isiyojulikana chanzo’ linapopata uhalali. Na hata neno hilo linazidi kupungua uzito kadiri miaka inavyokwenda. Kwa baadhi ya wagonjwa, watafiti wamegundua kasoro katika jeni. Kwa wengine, damu imekutwa na kingamwili zinazoshambulia chembechembe nyeupe za mwenyewe. Huenda basi haya si maradhi mamoja, bali ni kapu lililotiwa maradhi kadhaa yanayofanana sura.

Mwenendo wake hautabiriki kirahisi. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani (NIH), zilizoko Bethesda, ziliwafuatilia wagonjwa 39 waliopokelewa kati ya mwaka 1992 na 2006. Saba miongoni mwao hawakuwa na maambukizi yoyote walipofika. Upungufu uligunduliwa kwa bahati tu. Saba walifariki, wanne kati yao kwa maambukizi yanayotokana na upungufu huo. Uchunguzi mkubwa zaidi wa taasisi hiyo, uliochapishwa mwaka 2023, ulihusu wagonjwa 91 waliofuatiliwa kwa miaka 11. Asilimia 29 walikuwa na maradhi yanayosababishwa na virusi vya papiloma (HPV), kuanzia chunjua za ngozi hadi mabadiliko ya seli yanayoweza kuzaa saratani. Asilimia 24 walipatwa na kuvu aitwaye kriptokokasi. Waliokuwa na CD4 chini ya 100 ndio walioandamwa zaidi na maambukizi pamoja na saratani.

Kuvu huyo anastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiye anayeua upesi. Kriptokokasi huishi katika udongo na katika kinyesi cha ndege, hasa njiwa, na mtu humvuta kwa pumzi bila kujua. Kwa aliye na kinga kamili, safari ya kuvu huyo huishia mapafuni. Kwa aliyepungukiwa na CD4, hupenya hadi ubongoni na kusababisha uvimbe wa utando wa ubongo.

Dalili zake huja polepole: kichwa kinachouma kwa wiki kadhaa na kukaidi tembe za maumivu, kutapika, macho kuona ukungu au vitu viwili viwili, kisha kuchanganyikiwa. Ni rahisi mno kwa dalili hizo kudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo. Zikifika kwenye kuchanganyikiwa, wapo watakaosema ni jini. Familia nyingi za Mwambao haziachi kisomo na kombe, na hakuna daktari mwenye busara atakayezigombeza kwa hilo, mradi mgonjwa afikishwe hospitalini siku ile ile.

Hatari ya ziada ni kwamba miongozo ya kupima kuvu huyo imeandikwa zaidi kwa ajili ya wenye virusi vya Ukimwi. Karatasi ikionyesha kwamba mgonjwa hana virusi, wazo la kriptokokasi linaweza kufutika akilini mwa anayemtibu. Kipimo chenyewe si kigumu: kipo cha ukanda mdogo kinachotumia damu, na kipo cha maji yatolewayo kwenye uti wa mgongo kwa sindano. Sindano hiyo huogopwa sana na watu, wengi wakiamini kwamba hupoozesha. Hofu hiyo imewachelewesha wagonjwa wengi, ilhali kutolewa maji hayo ni sehemu ya tiba pia, kwa sababu hupunguza shinikizo kichwani na kuokoa macho.

Dawa zimeboreka. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, yakaonyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina ya liposomu, ikifuatiwa na wiki mbili za flusitosini na flukonazoli, hufanya kazi sawa na utaratibu wa zamani uliokuwa na madhara zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliupendekeza mwaka huo huo. Wagonjwa wa jaribio hilo walikuwa na virusi vya Ukimwi, kwa hivyo asiye navyo huenda akahitaji matibabu ya muda mrefu zaidi, kwa uamuzi wa mtaalamu.

Swali linalosalia ndilo kila familia huuliza: je, hakuna dawa ya kuzirudisha CD4 zenyewe?

Zimejaribiwa mbili zilizo muhimu, na zote ni nakala za protini ambazo mwili hujitengenezea ili seli za kinga ziwasiliane. Ya kwanza ni intaliyukini-2, ambayo huzichochea seli za T zizaliane. Tangu miaka ya 1990 imetumiwa kwa mgonjwa mmoja mmoja mwenye upungufu huu, na baadhi yao CD4 zilipanda. Lakini onyo kubwa lilitoka kwa wenye virusi vya Ukimwi. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili ya kimataifa, moja likiwa na wagonjwa 4,111 na jingine 1,695. Waliopewa intaliyukini-2 pamoja na dawa zao walipata CD4 nyingi kuliko wenzao. Ajabu ni kwamba hawakuugua kidogo zaidi, wala hawakufa wachache zaidi.

Matokeo hayo yafaa kukumbukwa na kila anayevutiwa na tangazo la kuongeza kinga. Kinga si mtungi wa kujazwa maji hadi pomoni. Wingi wa seli ni jambo moja, na uwezo wake wa kumtambua adui na kumkabili ni jambo jingine.

Ya pili ni intaliyukini-7, na hii ndiyo iliyoleta matumaini zaidi. Kazi yake ya asili ni kuzipa seli za T uhai mrefu na kuziwezesha kuongezeka. Watafiti wa NIH waliwachoma sindano zake wagonjwa tisa waliokuwa katika hatari, na mwaka 2016 wakaarifu kwamba seli za T ziliongezeka katika damu na pia katika utumbo na uboho. Wengi waliivumilia dawa hiyo. Mmoja alipatwa na lupasi wakati wa jaribio.

Wagonjwa tisa, pasipo kundi la kulinganisha nao, hawatoshi kuthibitisha tiba. Na huyo mmoja aliyepata lupasi anaonyesha upande wa pili wa shilingi: kinga inayochochewa bila kujua kilichoiangusha yaweza kuugeukia mwili wenyewe. Kwa sababu hiyo intaliyukini-7 imebaki kuwa dawa ya utafiti, si ya kununuliwa dukani. Kwa wachache walio taabani, upandikizaji wa uboho umefanywa ng’ambo, nao una hatari zake kubwa.

Wakenya si wageni wa ahadi za namna hii. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi alilitangazia taifa habari za Kemron, dawa iliyotokana na utafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya (KEMRI), wakati ikiongozwa na Dkt Davy Koech. Ilikuwa intaferoni, protini nyingine ya kinga, ikitolewa kwa kiasi kidogo sana cha kumung’unywa mdomoni. Wagonjwa walifunga safari kutoka hata Marekani kuifuata Nairobi. Majaribio yaliyofanywa baadaye kwa utaratibu wa kulinganisha, likiwemo moja la Uganda, hayakuona nafuu yoyote. Mwaka 1996 ikaja Pearl Omega ya Profesa Arthur Obel, na mwaka 2011 maelfu kwa maelfu, Wakenya wakiwemo, wakapanga foleni Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapile. Virusi havikuondoka.

Leo biashara hiyo imebadili vazi tu. Huko Marikiti, pembeni mwa Mji wa Kale, habasoda, asali, mlonge na mwarubaini huuzwa kama ilivyokuwa tangu enzi za mababu, na si vibaya mtu kuvitumia kama chakula au kiburudisho. Tatizo ni chupa zenye nembo za kumeremeta zinazodai kupandisha CD4 kwa siku kadhaa. Hakuna mti, vitamini wala unga uliothibitishwa kurejesha CD4 za mgonjwa wa upungufu huu. Anayetumia flukonazoli au dawa za kifua kikuu ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu, kwani ini lake tayari lina kazi. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi nazo hazimfai asiye na virusi, hata kama jirani anazo za ziada.

Kinachomfaa ni mambo yasiyo na mvuto wa tangazo. CD4 zikiwa chini ya 200, madaktari wengi humpa tembe ya Septrin kila siku, dawa ya bei nafuu inayozuia aina moja ya homa kali ya mapafu. Aliyewahi kuugua kriptokokasi huendelea na flukonazoli ili kuvu asirudi. Damu hupimwa kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa wapo ambao hesabu zao hupanda zenyewe.

Kwa wanawake, uchunguzi wa mlango wa kizazi haupaswi kusubiri, kutokana na wingi wa maradhi ya HPV yaliyoonekana miongoni mwa wagonjwa hawa. Chanjo ya virusi hivyo, ambayo kampeni yake ya kitaifa kwa wasichana ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019, haina virusi hai, hivyo daktari anaweza kuifikiria hata kwa mwenye kinga dhaifu. Nyumbani, maji ya kisima au ya mkokoteni yachemshwe kabla ya kunywewa, na kazi ya kusafisha mabanda ya njiwa iachiwe mtu mwingine.

Chanjo zenye vijidudu hai ni suala jingine, na kwa watu wa Mji wa Kale lina uzito wa pekee, maana ni watu wa safari: Zanzibar kwa harusi, Maka kwa hija. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo huulizwa mipakani, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa aliyepungukiwa sana na CD4 yaweza kuleta maradhi yenyewe. Sheria za kimataifa za afya zinamruhusu daktari kumwandikia msafiri wa aina hiyo cheti cha kusamehewa chanjo, ingawa nchi anayokwenda ina hiari ya kukikubali au kukikataa. Barua hiyo huombwa mapema, kabla ya kukata tiketi, katika kituo kinachotoa chanjo za wasafiri, na mgonjwa aende na matokeo yake yote ya maabara, yale ya CD4 na yale yanayoonyesha kwamba hana virusi vya Ukimwi.